Nta Kwenye Kifuniko cha Tangi

Harufu ya petroli ilikuwa ikinichafua moyo tangu utotoni, na mama hakutaka nitapike njiani siku ya kupelekwa kwa mume. Fungate ilikwisha nyumbani kwetu Malindi, mjini Unguja, mume wangu akatangulia Kiwengwa kutayarisha nyumba. Alasiri ile motokaa ya kukodi ilisimama mlangoni. Nikiwa dirishani juu, nilimwona mama ameinama nyuma ya motokaa, anadondosha nta ya mshumaa kwenye kitundu cha kifuniko cha tangi. Aliona harufu inatokea pale. Kisha alipanda kunifukiza udi, tukaagana.

Tulikuwa watatu: dereva, mimi, na somo yangu, bibi aliyenifunza mambo ya unyumba. Nilisinzia ndani ya buibui. Udi, joto, karafuu zilizoanikwa kando ya njia, vyote vilinichukua, hata sikujua nimelala au niko macho. Tulipopita Mtoni motokaa ikakohoa, ikazima. Dereva alifungua kifuniko apime petroli kwa kijiti, nikasikia tangi linavuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyeibuka majini. Akafunga, ikawaka. Mahonda ikazima tena. Kifuniko, fyuu, ikawaka.

Hapo nikaelewa kwamba tangi linakosa hewa kwa ile nta, petroli haishuki. Nikanyamaza. Biharusi hasemi mbele ya mwanamume wa kando, nilijiambia, na ulikuwa uwongo mtupu. Mume wangu sikuwa na neno naye. Nilimtaka mama tu.

"Ikizima tena tunarudi zetu mjini," alisema somo.

Nilifurahi, sifichi. Nikawa naiona ngazi yetu, mkeka wetu, mama akitoka jikoni kushangaa.

Karibu na Kinyasini ikazima. Safari hii dereva hakugusa kifuniko. Alijilaza chini ya motokaa, mzee wa watu mwenye mvi, akafungua bomba la petroli na kulipuliza kwa mdomo. Akainuka anatema, akatapika majanini.

"Nisamehe, Bi," alimwambia somo. "Nshafanya kila ninalolijua. Sijapata kumrudisha biharusi kwao."

"Basi, tugeuze," alisema somo.

Nilishuka. Nilichomoa pini ya nywele, nikaikwangua nta mpaka kitundu kikazibuka.

"Jaribu sasa," nilimwambia dereva, na machozi yananitoka.

Motokaa haikuzima tena hadi Kiwengwa.