Baba Hajafika, Usifagie

Nimechoka, mwenzangu, wala sikufichi. Magoti yaniuma, na hili garimoshi la mvuke la watalii lapanda milima tangu asubuhi, lahema kama mimi kwenye ngazi. Nimekuja ugenini kumtembelea mwanangu wa kiume, naye akasema, "Mama, twende ukaone milima." Haya, nimeiona. Lakini moshi wa makaa ulipoingia dirishani, nilinusa nguo za baba.

Baba alikuwa mtia makaa kwenye magarimoshi ya bara. Wenyewe wakimwita stoka. Mama alikuwa ameshafariki, tukakaa mtaa wa Kuze, pwani, kwa bibi, mamake baba. Siku ya safari bibi alimfungia mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, akamsomea dua mlangoni, kisha likaja lile la kutuchosha: hakuna kufagia. Mpaka kesho yake baada ya adhuhuri, akihesabu kwamba baba ameshafika, ufagio wa chelewa ulilala juu ya kabati. "Ukifagia, wamfagia babako njiani," akituambia. Basi tukakanyaga maganda ya mbaazi na machicha ya nazi, na majirani wakipita wakichungulia.

Nilikuwa na miaka tisa, na baba alikuwa ameniahidi: likizo ikija, atanipandisha garimoshi lake mpaka milimani nikayaone mawingu yakiwa chini yangu. Nililala na ahadi hiyo, nikaamka nayo.

Sasa siku moja baba amekwenda, kesho yake asubuhi nikasikia mwalimu wetu wa madrasa aja kumwamkia bibi. Aibu ikanishika. Bibi alipoingia kuoga, niliuteremsha ufagio, nikafagia harakaharaka mpaka barazani. Alipotoka akaiona sakafu. Hakunipiga. Alikaa kitandani, akasema, "Ewe mtoto, umefanya nini?"

Baba alirudi mzima. Nililia kwa furaha. Ila alikuja na habari: injini za mvuke zaondolewa, na hizo za dizeli hazitaki makaa wala mtu wa kuyatia. Amepewa kazi ya kufagia stesheni. Kufagia, mwenzangu! Likizo ikaja, ikapita. Milima hakuitaja tena, nami sikuthubutu kumkumbusha. Bibi alinisitiri, hakumwambia. Baba alifagia mpaka akastaafu, akafa sijamwomba radhi.

Ujinga, najua. Injini haziondolewi na kitoto chenye ufagio. Lakini haya uambie moyo! Nilipopata nyumba yangu, mwiko ule niliuacha kimyakimya, wala wanangu sikuwafundisha. Nisingeweza kuutaja bila kujitaja.

Basi tumefika juu kabisa, na mawingu yako chini, kama alivyosema. Simu ikalia. Ni binti yangu, yule niliyemwachia nyumba Kuze.

"Shikamoo, mama. Mwafurahi huko milimani?"

"Marahaba, mwanangu. Twafurahi."

"Basi usiwe na wasiwasi wa nyumba. Siku ile ulipotoka, ndege hata haijaruka, nilikuwa nishafagia pote. Pang'ara!"

Nikamwambia ahsante. Ningemlaumuje, na mimi ndiye niliyemnyima kujua? Nikafunga dirisha, moshi usiniingie machoni. Mtu mzima nimesafiri mbali hivi, na nyumbani hakuna hata ganda la mbaazi lililongoja nifike.