Kikoi Kisichofuliwa

Kibokoni kuna watu wanaomwita Mejumaa Chirau "Mama Mapaka", na wako wanaomwita "wakala wa mbwa" huku wamekunja pua. Yeye haitiki kwa jina lolote kati ya hayo, ila kazi haikatai. Ofisi yake ni chumba kimoja cha chini katika nyumba ya zamani ya ghorofa, ubavuni mwa fundi cherehani, na juu ya mlango ameweka kibao chenye maneno matatu tu: Safari za Wanyama. Ukitaka akusafirishie kontena la chai, atakuelekeza kwa wenzake wa bandarini. Ukitaka akusafirishie paka, atakuvutia kiti, na hapo ujue hutoki upesi.

Alizaliwa Tiwi, akaja mjini kutafuta kazi, akawa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini kwa miaka kumi na mitatu. Siku moja aliletewa faili la mbwa. Wenye mbwa walikuwa wanahamia Ulaya, na faili lilikuwa limezunguka meza zote kwa sababu hakuna aliyelitaka. Mbwa yule alifika uwanja wa ndege akarudishwa. Karatasi zake zote zilikuwa sahihi, isipokuwa alichanjwa kichaa cha mbwa kwanza, ndipo akatiwa chipu, kile kidude cha utambulisho kilicho kiasi cha punje ya mchele. Sheria ya huko inataka chipu itangulie. Kwa kosa hilo la mpangilio, mbwa alibaki mtaa wa Tudor miezi mitano akiwa amefungiwa kwa mtu, na wenyewe wameshaondoka. Mejumaa alikuwa akienda kumtazama kila Jumamosi. Anasema hakuna aliyemtendea ubaya mnyama yule, ila hakuna aliyesoma. Tangu hapo akasoma yeye, nchi baada ya nchi, mpaka akaacha kazi ya makontena na kufungua chumba chake.

Kuhusu mbwa, maneno yalisemwa, na kama unaujua mtaa huu huna haja ya kuambiwa yalikuwa mangapi. Chini ya bomba la ofisini kuna ndoo ya mchanga safi aliouleta kwao Tiwi. Akiguswa na mate ya mbwa huosha mara saba, moja kwa mchanga, akabadilisha dera lake, akaenda kuswali kama watu wengine. Bwana mmoja alikuja kumuuliza kwa kejeli kama swala ya mshika mbwa inakubaliwa. Mejumaa naye akamuuliza kama hukumu hiyo ya mbwa ameisoma kitabuni au ameisikia barazani tu. Yule bwana hakurudi tena, na mimi namheshimu Mejumaa kwa jibu hilo kuliko kwa vyeti vyake vyote vilivyotundikwa ukutani.

Bi Afaf alikuja miezi mitano kabla ya siku nitakayokusimulia. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imeshamla jicho moja na imeanza la pili. Alikuwa mjane wa Mzee Yeslam aliyekuwa na duka la viungo Marikiti. Aliishi peke yake orofa ya pili, juu ya ngazi zile za zamani zilizosimama wima, na mara mbili mwaka ule alianguka. Binti yake wa pekee, Hadeel, anaishi Birmingham na alikuwa anamwita kila siku aende akakae naye. Bi Afaf alikubali kwa sharti moja.

"Mwanangu," alimwambia Mejumaa, "mimi siendi bila Bwana Afya."

Bwana Afya alikuwa paka. Alikuwa wa rangi ya manjano, sikio moja limechanika, na kwa miaka kumi alilala juu ya magunia ya iliki dukani kwa Mzee Yeslam akikagua panya kama afisa wa afya, ndiyo maana ya jina. Mzee alipofariki, duka liliuzwa na paka akahamia kwa mjane. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne, meno machache, na hasira nyingi.

Watu wengine wangemcheka mama mzima anayeweka maisha yake rehani kwa ajili ya paka. Mejumaa hakucheka. Aliuliza umri wake, akauliza kama hupumua kwa mdomo akipanda ngazi, akauliza anakula nini, na mwisho akauliza analala wapi. Hilo la mwisho aliliandika na kulipigia mstari.

Kazi ikaanza. Daktari Priscah wa Tudor alimtia chipu kwanza, akamchanja baadaye, na Mejumaa akasimama pale akisoma namba kwenye kifaa mara mbili kabla sindano haijatoka kwenye kifuniko. Siku thelathini zikapita, damu ikatolewa ipimwe kama chanjo imeshika, ikapelekwa maabara ya ng'ambo, jibu likarudi zuri. Kisha miezi mitatu ya kungoja, maana ndivyo sheria inavyotaka, na hakuna pa kumwona mtu ili ipungue. Miezi miwili kabla ya safari, Mejumaa alipeleka kizimba cha kusafiria nyumbani kwa Bi Afaf, akakiondoa mlango, akatandika ndani leso kuukuu ya Bi Afaf mwenyewe. "Muacheni akizoee mwenyewe," alisema. "Chakula chake kiwekeni humo. Asilazimishwe." Wiki ya kwanza Bwana Afya alikipita kizimba kama mdaiwa asiyetaka kuonekana. Wiki ya nne alikuwa analala humo mchana kutwa.

Siku ya safari ilikuwa Jumatano. Hadeel alikuwa amekuja kumchukua mama yake, na likizo yake iliisha Ijumaa. Mejumaa alifika saa mbili asubuhi akiwa na mlango wa kizimba mkononi na bakuli la maji aliloligandisha kwenye friji yake, ili maji yasimwagike njiani na yayeyuke taratibu paka anywe. Ofisi ya mizigo uwanja wa ndege hufunga saa tano. Cheti cha afya kina siku kumi, na ile ilikuwa ya tisa. Ndege nyingine ya kuchukua wanyama ilikuwa Jumapili.

"Sabalkheri, Bi Afaf."

"Sabalkheri, mwanangu. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Msafiri yuko tayari?"

Bi Afaf alimgeukia binti yake. Hadeel ndiye aliyejibu, akionyesha chini ya kitanda cha besera. Kule gizani macho mawili yalikuwa yanawaka. Kizimba kilikuwa katikati ya chumba, kinang'aa. Mejumaa alipoinama kukitazama, harufu ilimpokea kabla hajafika. Udi. Si udi wa mchezo, udi wa harusi.

"Bi Afaf," aliuliza polepole, "hii leso imefuliwa?"

"Kwani wataka asafiri na leso chafu?" Bi Afaf alishangaa kweli. "Jana n'meifua kwa sabuni na kuipiga pasi, na kizimba n'mekisugua, kisha vyote n'mevifukiza udi. Nyumba hii haitoki msafiri na nguo chafu. Marehemu mamangu alinifunza hivyo, nami n'memfunza Hadeel."

Mejumaa akakaa chini sakafuni. Alijua mara moja kilichotokea. Miezi miwili paka alikuwa amejijengea nyumba ndani ya kile kizimba kwa harufu yake na ya bibi yake, na usiku mmoja tu nyumba hiyo ilikuwa imefutwa kwa mapenzi. Bwana Afya sasa alikiona kitu kigeni kinachonuka harusi, na hakualikwa.

"Kosa ni langu," alisema. "N'lisema asisumbuliwe, sikusema nguo isifuliwe. Wateja wangu wengi ni wageni, hawanifulii. N'mesahau niko Kibokoni."

Hadeel alitazama saa. "Da Mejumaa, tumshike tu tumtie. Ni paka. Au apewe dawa alale."

"Dawa ya usingizi simpi," Mejumaa alisema. "Huko juu humshusha mnyama pumzi, na huyu ni mzee. Na nikimtia kwa nguvu atafika uwanjani anahema mdomo wazi, anauma chuma. Karani wa mizigo atamkataa, na akimkataa atakuwa na haki. Asipomkataa, basi nitakuwa n'memtuma akafe njiani. Kazi hiyo siifanyi."

"Basi abaki!" Hadeel alisema, kisha akajuta papo hapo.

Bi Afaf hakupandisha sauti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akaongea kama anayetaja bei ya chumvi. "Akibaki, nami nabaki naye. Wewe nenda kazini kwako, mwanangu. Mimi hizi ngazi n'mezizoea."

Hadeel aligeuka dirishani. Kila mtu chumbani alijua zile ngazi zilikuwa na mpango gani na mama yule, na jicho lile moja lilikuwa limebakiza muda gani. Mejumaa alisema baadaye kwamba hajawahi kuogopa bandarini, mbele ya maafisa na makontena yaliyopotea, kama alivyoogopa mbele ya kitanda kile. Lakini aliinuka. Alikitoa kizimba nje barazani, akakipangusa kwa maji ya moto bila sabuni mara tatu, akakiweka juani. Kisha akarudi na kuuliza.

"Bi Afaf, nyumba hii yote, kuna nguo moja ambayo haijafuliwa? Yoyote. Ya jikoni hata."

"Zote zimefuliwa. N'nasafiri."

"Hata moja?"

Bi Afaf alishika ukingo wa kitanda. Kisha akainuka, akapapasa mpaka kwenye sanduku lake, akatoa mfuko wa plastiki wa zamani, wa kabla mifuko haijapigwa marufuku, uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kikoi cha buluu.

"Marehemu mume wangu alikivaa dukani siku ile ya mwisho," alisema. "Alirudi nacho, akakivua, akalala, hakuamka. Kila Ijumaa nafungua fundo, nanusa mara moja, nafunga. N'naogopa harufu itaisha."

Hapo ndipo namwona Mejumaa alivyo. Kikoi kilikuwa mbele yake, saa ilikuwa tatu na nusu, na angeweza kukipokea akasema asante. Mwingine angekipokea, na mimi pia labda ningekipokea. Yeye alirudisha mikono nyuma.

"Nikwambie kweli kwanza," alisema. "Kule wanakopokelewa wanyama, nguo zikiloa aghalabu hutupwa. Na atakojoa, safari ni ndefu. Nitaandika, nitapiga simu, nitawaomba, lakini kuahidi siwezi. Huenda usikione tena."

Bi Afaf alikishika kikoi dakika nzima. Alikipandisha puani mara moja, bila haraka, kama afanyavyo kila Ijumaa. Halafu akanyoosha mkono nacho.

"Mtandikie."

Walikitandika kizimbani, wakakisogeza karibu na kitanda, wakakaa kimya wote watatu. Pua ndiyo iliyotangulia kutoka. Kisha sikio lililochanika. Bwana Afya alikinusa kikoi upindo kwa upindo, akasimama, akaanza kukikanda kwa miguu ya mbele, kushoto na kulia, akikoroma kwa sauti ambayo Bi Afaf hakuwa ameisikia tangu duka lifungwe. Akaingia. Akajizungusha, akalala, akafumba macho. Bi Afaf alilia, na hakujificha. Mejumaa alimpa mlango wa kizimba aufunge mwenyewe, kwa kupapasa.

Tony, dereva anayembebea wanyama, alikuwa chini na Probox yake, baridi ya gari imeshawashwa. Walipita Makupa, wakapita Kibarani, wakielekea uwanja wa ndege. Njia nzima Mejumaa alikuwa anaandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi aliyoibandika juu ya kizimba na nyingine ubavuni: nguo hii ilikuwa ya marehemu mwenye paka, tafadhali isitupwe hata ikiloa, itiwe mfukoni na mjane wake anaingojea. Uwanjani karani wa mizigo alipima kizimba, akakagua chipu, akamtazama paka aliyelala fofofo, akaisoma ile karatasi mara mbili. Kisha akaibandika upya kwa gundi yake, maana ya Mejumaa ilikuwa imeanza kubanduka. Ilikuwa saa tano kasoro dakika sita.

Usiku ule na siku iliyofuata, Mejumaa alimpigia wakala mwenzake wa London mara nne. Mara ya nne yule mwanamke alimwomba kwa adabu asipige tena, kwani yeye mwenyewe yuko njiani kwenda kumpokea. Kabla ya kulala, Mejumaa alitoa karatasi ya maelekezo anayowapa wateja, ambayo haikubadilika kwa miaka sita, akaongeza mstari mmoja juu kabisa: Usifue kitu chochote.

Jumamosi, akiwa ofisini anaosha mikono kwa mchanga, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Alijipangusa, akakaa, akaufungua.

"Salamu alaikum, mwanangu Mejumaa. Tumefika salama. Bwana Afya yuko dirishani, atazama mvua kama aliyedhulumiwa. Kikoi n'mepewa, kimo mfukoni, na kimekojolewa, kama ulivyosema. Hadeel alitaka kukitia mashineni. N'kamwambia akikigusa narudi Kibokoni kwa miguu." Hapo alishusha sauti. "Wajua, marehemu kila siku alikuwa akirudi kutoka dukani, nami n'kimgombeza mlangoni avue ile nguo huko huko nje, aniletea uvundo. Jana n'lifungua mfuko. N'lidhani harufu yake imekwisha. N'kanusa, mwanangu. Ni iliki na paka. Ndiye yeye."