Gari la Mpimaji

Mpimaji wa maegesho hakuja na gari. Gari lake lilikuwa mikononi. Kila asubuhi, akishakunywa chai kwenye kibanda cha mama Felista, alisimama kwenye udongo mwekundu wa hoteli mpya inayojengwa hapa Karatu, akashika usukani usiokuwepo, akaenda taratibu huku mdomo ukinguruma. Akirudi nyuma, aligeuza shingo kama bundi. Akimaliza, alivuta hendibreki na kufunga mlango. Mafundi walicheka hadi wakaangusha mabeleshi. Mama Felista hakucheka, maana tajiri wa hoteli alishasema kibanda chake kivunjwe, magari yapate nafasi.

"Nataka uwanja ujae Landkruza!" tajiri alifoka siku alipokuja mwenyewe.

"Wageni wanapanda wengi gari moja, mzee, na kukicha wote wako kreta kutazama wanyama," mpimaji akasema. " Utaegesha nini, vumbi?"

"Na hayo machache yatageukia wapi, kibanda kiko hapo?"

Mpimaji alisimamisha gari lake la hewani. Alimfungulia mlango wa nyuma. "Panda, mzee."

Tajiri akatazama huku na huku, akapanda, yaani akamfuata mgongoni, tumbo mbele. Wakanguruma hadi kibandani, mpimaji akakata usukani wote, wakapita ubavuni mwa meko.

"Mama, nimekugusa?"

"Hata birika halijatikisika. Pita, baba!"

Tajiri akakuna kidevu. "Haya, kibanda kiacheni," akasema, akaondoka. Ila hakukatiza uwanja moja kwa moja. Alizunguka kwanza mbele ya ile Landkruza ya mpimaji, asije akajigonga.