Antena Iliyozidi Kupanda

Mnara mpya wa kurushia matangazo ya televisheni ulipowekwa kilimani, televisheni yetu ya zamani pale kijijini Jabe ilianza kugeuza picha: watu wana meno meusi na nywele nyeupe, sauti inanguruma. Mume wangu akasema nguvu ya mawimbi haitoshi. Akapanda juu ya bati kuongeza bomba la antena, karibu na waya za umeme.

Fundi jirani akaingia, akatazama. "Apana, mama. Mnara uko karibu, nguvu imezidi. Chomoa antena hapa nyuma."

Nikaichomoa. Picha ikatulia, safi kabisa.

"Baba, shuka! Imekaa sawa!"

Kule juu mume wangu akacheka. "Si nilikuambia, we mwanamke? Ni bomba langu hilo! Ngoja niongeze lingine."

"Apana, shuka!"

Bati likalia. Alikuwa anasogea upande wa waya za umeme.