Kuomba Bila Kuvua Helmeti

Nilifika Busia juu ya lori la samaki. Tulitoka Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, mimi nikilala juu ya magunia ya samaki wakavu. Tulipita Lodwar, tukakwama Kainuk ekseli ilipokatika, tukangoja vipuri hadi dereva akaanza kutuchomea mali ya watu. Kitale tulitetemeka kwa baridi, Bungoma tukanyeshewa. Niliposhuka sokoni Busia, mbwa walinifuata nyuma kama jamaa zangu.

Nilikusudia kwenda na wale samaki hadi Kongo. Nilikuwa nimeshaishi Taveta, Naivasha na Isiolo, na kote niliondoka kabla watu hawajazoea sauti yangu, kisha nikakaa kuzikumbuka sehemu hizo kwa uchungu. Lakini lori la Kongo lilichelewa. Katika kulingoja nikamkuta mtu aliyevuka kutoka upande wa Uganda kununua kamba. Alikuwa ameifunga kwenye nguzo ya duka na kuivuta kwa nguvu zake zote huku mwenye duka akimtukana.

"Shika hapa, Mukenya," akaniambia. "Vuta kama unanichukia."

Nikavuta. Akaanguka matako chini, akacheka, akainuka akichechemea.

"Hii mikono mimi natafuta siku mingi. Nachimba visima. Kuja tufanye moja tu."

Ndivyo nilivyohamia kwake Merikit, wilaya ya Tororo, kwa ajili ya kisima kimoja.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Yeye alishuka, mimi nikabaki juu. Juu ya shimo tuliweka gogo lenye mpini, kamba ikajizungusha humo, nami nikamteremsha, nikavuta ndoo za udongo, na jioni nikamtoa. Yeye alivaa gambuti, glavu za ngozi na helmeti ya njano. Mimi nilikuwa na mikono yangu tu, na hiyo ndiyo iliyonifunga. Mkewe alinieleza sababu ya kuchechemea kwake wiki ya kwanza, akimenya mihogo.

"Yule mwenye alikuwa anashika kamba kabla yako alipokea simu," alisema. "Mpini ukamponyoka. Mzee wangu akaenda chini kama jiwe. Wewe uko na simu?"

"Ninayo, mama."

"Niletee hapa asubuhi. Jioni nakupa."

Kuanzia hapo nilijua sitaondoka kwa urahisi. Mahali pengine nilipofanya kazi, ukiondoka wanatafuta mwingine. Hapa, mwingine alikuwa ameshajaribiwa. Nikisema naondoka, mchimbaji alijibu, "Sawa, maliza hii tu," na kabla hii haijaisha alikuwa ameshakubaliana na mtu wa nyingine. Tulichimba Merikit, tukachimba Nabuyoga, tukarudi Merikit. Kila nilipoinua macho niliuona mwamba wa Tororo, upande huu leo, upande ule kesho, kama kigingi nami nikiwa mbuzi anayekizunguka. Malori ya kwenda mbali yalipita barabara kuu nikiyasikia, mikono yangu ikiwa kwenye mpini.

Mchimbaji alikuwa pia msomaji, anayeongoza ibada pasipo mchungaji, katika kanisa dogo la kwao. Jumapili moja alipanda mbele na gunia, akatoa vifaa vyake vya kazi kimoja kimoja, akavivaa mbele ya waumini. Gambuti zilikuwa na matope.

"Nimefagia hapo!" mama mmoja wa safu ya mbele akalalamika.

"Toto, shetani hangoji ufagie," akamjibu, toto likiwa neno la Kiteso la mama, na watu wakacheka.

Akahubiri vizuri. Gambuti ni utayari wa kwenda na Injili hata kwenye tope. Glavu ni haki, ukishika uchafu wa dunia usikuingie. Kamba ni imani, ambayo huioni inaposhikwa lakini unaning'inia kwayo. Alipofika kwenye helmeti aliigonga kwa kidole, ikalia. "Hii ni chepeo ya wokovu. Jiwe haina macho. Haiulizi wewe ni nani. Ukitoa hii kidogo tu, umekwisha." Kisha akasema, "Tuombe," akaivua.

Wanaume wote walikuwa vichwa wazi, hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya kisimani. Kila asubuhi, akishafika chini, kabla ya kuinua sururu, alivua helmeti, akaiweka juu ya goti, akaomba. Maombi yake hayakuwa mafupi. Nami nilikaa juu nikiangalia utosi wake unaong'aa, na ukingo wa shimo uliojaa changarawe, nikiogopa hata kusogeza mguu.

"Omba huku juu, kisha ushuke," nilimwambia.

"Juu nimeomba na toto, mama wa nyumba. Chini ni mahali yangu na Mungu."

"Basi omba ukiwa nayo."

"Mwanaume hafuniki kichwa mbele ya Mungu, Mukenya. Wewe hata kanisani unalala, unanifundisha?"

Nikarudi kushika mpini. Lakini hofu ile ilinibana kuliko kamba. Nikiondoka, ataning'inia kwa mtu asiyemjua. Nikikaa, siku moja nitavuta maiti.

Tulipopata kazi ya kisima Sop Sop, kwenye shamba la karanga, nyonga yake ilikuwa imevimba hata kupanda baiskeli hawezi. Nikasema nishuke mimi, yeye ashike mpini pamoja na mwenye shamba. Akanivika mwenyewe, akakaza ukanda wa helmeti chini ya kidevu mpaka nikakohoa.

Udongo wa pale ulikuwa wa kichanga. Nilichimba asubuhi yote bila shida. Kisha nikasikia kitu kama mtu anayeshusha pumzi, na upande mmoja wa shimo ukakaa juu yangu. Haukunizika. Ulinishika mpaka kifuani na kuniacha hivyo, mikono nje, uso juu, na duara la mbingu kubwa kama sinia.

"Uko?" sauti yake ikashuka.

"Niko. Siwezi kutoka."

Nilimsikia akimtuma mwenye shamba kuita watu. Mchanga uliendelea kuchuruzika shingoni. Nilikuwa sijaomba kwa moyo wote tangu shule ya sekondari, lakini mkono wangu ulijua la kufanya. Ulipanda wenyewe, ukatafuta kifungo cha ukanda.

"Usivue!" alipiga kelele. "Mukenya, acha hiyo helmeti!"

"Nataka kuomba!"

"Omba nayo! Mungu anakujua, omba nayo!"

Nikashusha mkono. Bonge la udongo mgumu likaanguka muda mfupi baadaye, likagonga helmeti na kupasuka, meno yangu yakagongana. Ndipo nikaomba, kwa sauti kubwa. Sikuchagua maneno. Nilimwambia Mungu anitoe shimoni, na nikishaanza sikuweza kunyamaza, nikamwambia anitoe Merikit, anitoe kwenye ule mpini, aniondolee ule mwamba machoni, aniondolee roho ya mtu huyu mikononi mwangu maana imenichosha.

Majirani walikuja. Waliteremsha kamba ya pili na karai, nikajipitisha kamba makwapani, nikachota mchanga kwa mikono na karai ikapanda na kushuka hadi kiuno kikaonekana. Walipovuta, gambuti ndizo zilizonishika, zimejaa mchanga kama saruji. Nilikunja vidole vya miguu, nikateleza kutoka ndani yake, nikatoka juu peku. Ndiyo vifaa vile: kimoja kiliniokoa, kingine nilikiacha chini ili niokoke, na sijui angelihubiri vipi hilo.

Jioni nilirudi Merikit na mchimbaji. Asubuhi alinikuta nikinawa uso.

"Kisima ni redio," akasema. "Nilisikia yote."

Nilitaka kujieleza, akainua mkono.

"Mungu amejibu nusu. Hiyo ingine alikuwa ananiambia mimi. Nenda."

"Na kamba atashika nani?"

"Mimi," mkewe akasema kutoka jikoni. "Tangu huyo wa simu nilimwambia mimi nashika. Anaona haya, eti watu watasema anateremshwa na mwanamke."

"Watasema," mumewe akajibu.

"Wacha waseme. Wewe utakuwa chini, utasikia nini?"

Siku nilipoondoka, niliwapitia Nabuyoga, mahali walipoanza kisima kipya, mfuko wangu begani. Mchimbaji alikuwa ameshateremka. Mkewe alisimama miguu mbali mbali, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu, akizungusha mpini taratibu kumshushia ndoo na sururu. Nilichungulia. Chini kulikuwa na helmeti ya njano imeinama, na sauti ya mumewe ikiomba ndani yake, nzito kidogo. Akaniombea na mimi safari, akitaja miji ambayo sikuwa nimemwambia kwamba naenda.

Bila kufikiri, niliweka mkono kwenye mpini kando ya wake.

"Toa mkono, Mukenya," mama akasema bila kunitazama. "Unanipotezea uzito, sisikii kamba."

Nikautoa. Nilisimama kidogo nikiangalia kama kamba itateleza, kisha nikashika njia ya barabara kuu, viganja vikiwasha.