Mwalimu Aliyepeleka Usaili kwenye Sengu

Habari ilitupata tukitoka kanisani: mwalimu mstaafu wa Namswea, mliyezoea kusoma habari zake katika safu hii, amefariki. Nililia. Lakini kila nikimkumbuka moyo unanidunda kwa furaha, na mkono wangu, ambao kwa kawaida huandika polepole, leo unanikimbia.

Mdogo wangu wa kike alipomaliza kidato cha sita alitaka kuingia chuo cha kilimo kinachochukua wachache, tena baada ya kuwasaili ana kwa ana. Alama nzuri alikuwa nazo, na wenzake wengi walikuwa nazo pia. Mwalimu akaja nyumbani kumpima. "Maharage ya kwenye ngoro zenu yamezaa kuliko ya majirani. Ni kazi ya nani?" Mdogo wangu akainamisha macho. "Ya baba." Baba akakohoa. Kumbe ni mdogo wangu mwenyewe aliyeyaacha majani yaoze zaidi chini ya udongo wa ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, katika nusu ya shamba tu, ili alinganishe. Baba alimpinga msimu mzima. Lakini kwetu Wamatengo mtoto hajitaji mbele ya wakubwa. Sifa humwachia mzazi. Mwalimu akacheka. "Basi baba yako afunge mizigo, maana chuo kitamchukua yeye."

Hakumgombeza. Alimwomba babu aite sengu, ule mkusanyiko wetu wa ukoo wa kula na kushauriana. "Shikamoo, babu. Naomba ruhusa binti huyu ajisifu." Babu akafikiri. "Bila kuongopa?" "Ukweli mtupu, babu." "Aseme. Na atakayenuna asile." Mdogo wangu akaanza kwa kunong'ona. "Paza sauti, mama, ugali unapoa," shangazi akamwambia. Wajomba wakambana: kwa nini nusu ya shamba? Mvua ingekatika je? Ugali ulipokwisha alikuwa akiwajibu akiwatazama usoni, na baba anatabasamu.

Alichaguliwa! Mwalimu aliipata habari hiyo angali mzima. Na juzi, kwenye mazishi yake, mdogo wangu alisimama mbele ya umati akasema, "Nilifanya kazi nzuri shambani, nikachaguliwa. Marehemu ndiye aliyenifundisha kuitaja." Watu wakatazamana. Babu akasema kutoka kwenye kiti chake, "Anayenuna asile." Tukacheka pale pale makaburini, na nadhani ndivyo marehemu angependa.

Tumezoea kusema kizuri chajiuza. Lakini chumba cha usaili hakina ngoro. Wanaouliza hawaoni maharage, wanamwona mtoto tu. Tunawahimiza watoto wapate alama, kisha tunawapeleka huko wakiwa wamefungwa midomo na heshima tuliyowafundisha wenyewe. Heshima hiyo siikatai, nami ninayo hadi inanizidi. Ila mzazi mwenye mtoto wa kidato cha sita, mwite leo chakula kikiwa mezani, mwulize amefanya nini kwa akili yake mwenyewe. Kisha unyamaze, hata ugali upoe.