Kidonge Nilichokimeza Mimi

Jirani yetu wa Biryogo, mtaa wa Kigali, alikuwa muuza sambusa, na pia mshauri wa afya: watu wa mtaa walimchagua, akafundishwa kuwatibu watoto wadogo nyumbani. Mimi sikumchagua. Mimi ni fundi cherehani, na sijawahi kumpa muuza sambusa kitambaa cha mteja.

Binti yangu alikuwa na miezi minane alipoanza kukohoa. Sikumwita jirani. Alikisikia kikohozi kupitia ukutani, akaja mwenyewe asubuhi na kisanduku cha dawa.

"Mpakate, mfunue kifua," aliniambia. Akabonyeza kisaa kidogo, akalitazama tumbo la mtoto likipanda na kushuka mpaka kisaa kikalia. "Anapumua mbio mno. Ni mapafu. Mpe kidonge kimoja sasa na kimoja jioni, ukiyeyushe katika maji."

"Hukumpima hata damu. Umejuaje?"

"Pumzi yenyewe imesema, dada."

Alipotoka nilisoma tarehe ya dawa mara mbili. Nikanusa kidonge. Kisha nikakimeza mimi, nikakaa nikiusikiliza mwili wangu. Kwa nini atuhangaikie hivi? Anapata nini? Mtoto sikumpa kitu.

Jioni alirudi, akaikagua pakiti. "Kimoja kimetoka. Hakukitapika?"

"Nilikimeza mimi."

Nilidhani atanigombeza. Akaketi mkekani. "Unaniogopea nini?"

Nikamwambia nisichowahi kumsimulia mtu hapa Kigali: kule Burundi nilikolelewa, mwanangu wa kwanza alichomwa sindano akafa siku hiyo hiyo.

"Kabla ya sindano alikuwaje?"

Nikakitazama kifua cha binti yangu. Alikuwa akipumua hivi hivi, siku tatu nzima, nami nikimsugua kifua kwa mafuta. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeilaumu sindano.

Jirani akachukua maji. Akayeyusha kidonge, akanipa kijiko. Binti alimeza yote.

Siku ya tatu alinyonya kwa pupa, akanivuta hereni hadi nikapiga kelele. Dawa tulizimaliza kama tulivyoagizwa.

Baadaye mpangaji mwenzangu, ambaye mwanawe alikuwa na homa, aliniuliza kama yule muuza sambusa anaijua kazi kweli.

"Mimi bado namchunguza," nikamjibu. "Lakini wewe mpelekee mtoto sasa hivi, usingoje kesho."